Bampa Lenye Pembe

Akina mama wenzetu, mmewahi kukesha usiku wa mvua mkimshika mkono mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na gari mlilomo haliendi mbele wala halirudi nyuma? Sisi tumewahi. Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2017, katikati ya masika, hapa kwetu Igurwa katika mkoa wa Kagera.

Sisi ni mke na mume. Tuna karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, nasi tunaishi kwa kutengeneza milango, madirisha, vitanda na matoroli. Mmoja wetu hushika mashine. Mwingine hupima, huchora na kutunza daftari la hesabu. Kwa akiba ya miaka mingi na fedha ya kahawa tulinunua Land Cruiser kuukuu, lile ambalo watu huliita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililosimama pembeni mwa kioo. Tulilinunua ili libebe vyuma, ndizi na maharage. Lakini mwenye gari kijijini hana gari lake peke yake. Dirisha likigongwa usiku hatuulizi ni nani. Tunauliza mgonjwa yuko wapi.

Usiku ule mgonjwa alikuwa jirani yetu, na mimba ilikuwa yake ya kwanza. Anayezijua Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa moja, anavijua na vilima vyake. Ipo lami kutoka Kyaka hadi Bugene, lakini kutoka migombani hadi kuifikia lami ni udongo mwekundu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Tuliteremka taratibu. Karibu na daraja la magogo gari lilienda kiubavu likagonga ukingo wa barabara. Kishindo hakikuwa kikubwa. Lakini bampa la mbele lilikuwa bati jembamba lililokwisha kuliwa na kutu. Lilijikunja likaingia kwenye gurudumu la kushoto, na usukani haukuzunguka tena.

Wanaume wa jirani waliamka, Mungu awabariki, wakaja na kamba na majembe. Walitafuta mahali pa kufunga kamba wasipaone, wakafunga kwenye bampa lile lile. Walipovuta mara ya pili liling'oka upande mmoja, wote wakaanguka matopeni. Mtoto hakungoja. Alizaliwa ndani ya gari, chini ya turubai, kwa mwanga wa tochi, mikononi mwa bibi mmoja aliyewahi kuwa mkunga. Ni binti, yu hai, na mama yake yu hai. Lakini tuliporudi nyumbani alfajiri hatukupata usingizi. Tulijua kwamba aliyewaokoa ni bibi yule, na gari letu lilikuwa limewaangusha.

Chaki sakafuni

Tuliuliza bei ya bampa imara la kununua mjini, tukakuta linashinda mapato yetu ya msimu mzima. Tukasemezana: sisi ni mafundi wa chuma, kwa nini tusilitengeneze wenyewe?

Tulianza na chaki. Tuliegesha gari kwenye sakafu ya saruji, tukateremsha timazi kutoka ncha za chesisi na kuweka alama chini. Kisha tulichora bampa lote sakafuni kwa ukubwa wake halisi, na tukakata maboksi ya sabuni kuwa vielelezo vya mabamba ya chuma. Boksi ukilikosea unalitupa jikoni likawashie moto. Chuma ukikikosea umetupa ada ya mtoto.

Maswali yalikuwa matatu. La kwanza, bampa litashikwa na nini? Lazima lishikwe na chesisi, ile mifupa miwili ya chuma inayopita chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma, kwa maana mabati ya mwili wa gari hayana nguvu ya kulibeba. La pili, litapita wapi bila kugusa ardhi? Gari likianza kupanda kilima au kutoka shimoni, kitu cha kwanza kukutana na udongo ni bampa. Likiwa chini mno au likichomoza mno, gari hujigonga kabla magurudumu hayajaanza kupanda. La tatu, tutavutwa wapi siku tukikwama? Hapo tulikuwa tumekwisha kufundishwa. Tuliweka mabamba mawili ya milimita 12 yenye matundu, yakaungana moja kwa moja na vishikizo vya chesisi, ili nguvu ya kamba isipite katika mabomba.

Tulikumbuka pia kwamba rejeta huhitaji upepo na taa huhitaji kuona. Bampa linaloziba hayo mawili litaua injini mchana, na usiku litamwua dereva.

Homa isiyokuwa malaria

Bomba tulilolitaka ni lile jeusi la inchi moja na nusu, lenye unene wa zaidi ya milimita 3. Mama unayetumwa dukani, ujue kwamba hizo inchi ni jina tu. Ukilipima kwa nje utapata milimita 48, wakati inchi moja na nusu ya kweli ni milimita 38. Sisi tulikata kishikizo cha kwanza kwa kufuata jina, tukapoteza bamba zima.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi. Tulikuwa na vipande vya bomba la maji, yale yanayong'aa kwa sababu yamepakwa zinki, tukaona tusivitupe. Mvua ilikuwa inanyesha, tukafunga mlango tukachomelea. Moshi mweupe ulijaa karakanani. Jioni mmoja wetu alianza kutetemeka, akapata homa, kiu, na ladha ya chuma mdomoni. Tukasema ni malaria. Zahanati kipimo hakikuonyesha malaria, na mganga akauliza kazi ya siku ile ilikuwa nini. Kumbe zinki ikiungua hutoa mafusho, na anayeyavuta hushikwa na homa baada ya saa chache. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, lakini si jambo la kuchezea, hasa kwa mwenye kifua kibovu. Mafundi wengi hunywa maziwa wakidhani yatasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na mafusho yamekwenda kwenye mapafu. Kinga ni kuliacha bomba lenye zinki, na kuchomelea mahali penye hewa. Tangu siku ile mlango wetu haufungwi, na watoto hawaruhusiwi kucheza karibu.

Mchanga na moto

Hatukuwa na mashine ya kupindia mabomba. Tulitumia njia ya wazee. Unakausha mchanga juu ya karai la moto mpaka usibakie unyevu hata kidogo, unaujaza ndani ya bomba huku ukiligonga ushuke, kisha unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Mchanga huzuia bomba lisibonyee linapopinda. Ukiwa na unyevu, maji hugeuka mvuke motoni na kigingi hufyatuka kama risasi. Kwa hiyo hakuna anayesimama mbele ya ncha. Tulipasha moto kwa mkaa na viriba mpaka chuma kikawa chekundu, tukakipinda taratibu kuzunguka ringi kuukuu ya gari.

Pale mabomba mawili yanapokutana, ncha ya moja ilikatwa kwa umbo la mwezi mchanga na kusuguliwa kwa tupa mpaka ikalikumbatia jingine bila kuacha nafasi. Tulishikiza kwanza kwa vinukta, tukapima mshazari kutoka kona hadi kona, ndipo tukachomelea kabisa, kidogo upande huu na kidogo upande ule, maana joto huvuta chuma na kukipotosha. Kila tulipochomelea kitu kilichokwisha kufungwa garini, nyaya za betri zilifunguliwa kwanza.

Kazi ilipofika hapo tukaingiwa na majivuno. Karagwe ni nchi ya wafua chuma tangu enzi. Watawala wake walihifadhi Bweranyange vitu vya kifalme vilivyofuliwa kwa chuma, vikiwemo ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu kama za ng'ombe wetu halisi. Tukasema na gari letu litakuwa na pembe. Tukapandisha upinde mkubwa hadi usawa wa boneti, na kila upande tukatoa pembe moja iliyopita madigadi kwa shubiri nzima.

Lilipokwisha tulilipeleka chama cha msingi, tukalipima kwenye mzani wa kahawa. Kilo 83! Tulipolifunga, springi za mbele zilishuka na taa zikawa zinamulika miguu ya gari lenyewe. Hatukujali. Kila tulipopita watu walisimama kutazama. Katika miezi mitatu wateja watatu walitaka la namna ile ile, na kwa fedha yao tuliezeka nyumba upya.

Swali la mama mmoja

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, siku ya gulio, tulikuwa tunakata kona penye maduka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kijana wa miaka kumi na mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Alituona, akasogea, akasimama kando. Alilipima gari kwa macho kama sote tunavyopima, akaona linatosha kupita. Gari lilitosha. Pembe ndiyo haikutosha. Ilimshika begani ikamwangusha na baiskeli yake juu yake. Mfupa wa mtulinga ulivunjika.

Tulimpeleka hospitali kwa gari hilo hilo, tukatoa taarifa polisi, na gharama zote tulizibeba sisi. Daktari alituambia kwamba kama mtoto angekuwa mfupi kidogo, pembe ingempata kichwani.

Mama yake alifika kwa miguu, ana mtoto mwingine mgongoni. Tulikuwa tumejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alimwona mwanawe kwanza, akatoka nje, akalizunguka gari polepole. Kisha akatuuliza, "Baba na mama, mliogopa nini mbele yenu hata mkaweka pembe?"

Hatukuwa na jibu, wala hatunalo hadi leo. Tuliogopa tope na magogo, hilo ni kweli. Lakini tope halihitaji pembe. Mbele ya gari letu, siku zote za juma, wapo watoto wa shule, wanawake wenye madumu ya maji na mizigo ya kuni, na wazee wanaotoka shamba. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba barani Afrika watu 44 katika kila 100 wanaokufa barabarani ni waendao kwa miguu na wapanda baiskeli. Hao ndio tuliowaelekezea chuma.

Baadaye tulisoma na kuuliza zaidi. Bampa na boneti za magari ya siku hizi hubonyea kwa makusudi, ili nguvu ya kishindo iishie kwenye bati badala ya kuishia kwenye mwili wa mtu. Ukiweka bomba gumu mbele yake umeifuta kazi hiyo. Na gari lenye mifuko ya hewa ya kulinda abiria, vihisio vyake vimepangwa kulingana na bampa la kiwandani; ukifunga chuma kizito, mifuko inaweza kufunguka isipotakiwa au kutofunguka inapotakiwa. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2005 kwamba ngao za mbele zipimwe kwanza, ijulikane zinamfanya nini mtu atakayegongwa nazo. Sisi tulipima uzito peke yake, tena kwa kujisifu.

Yapo mahali ambapo bampa gumu la mabomba lina haki yake. Nchini Kenya, tangu mwaka 1989, yako mashindano yaitwayo Rhino Charge, ambamo magari hupita porini pasipo barabara, na mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa kupita umbali mfupi kuliko wenzake. Zimo hata timu za wanawake. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa Aberdare, wa kilomita 400 hivi, uliomalizika mwaka 2009. Kule gari hukutana na mawe na miiba. Penye maduka ya Igurwa gari hukutana na watoto wetu.

Mmoja wetu alikumbuka sheria iliyo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inayomtaka mwenye kujenga nyumba aweke kizuizi kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba ni ya mwenyewe, lakini uhai wa anayepita humo ni deni lake. Usiku ule tulichukua grainda tukakata pembe.

Kanga juu ya chuma

Tulirudi kwenye chaki. Safari hii tulichora kwanza mtoto, kwa kumlaza binti yetu sakafuni na kumzungushia chaki. Tukaona kwamba upinde wetu ulikuwa unamfikia shingoni. Ukaondoka. Likabaki bomba moja kuu la chini, ambalo ncha zake zinapinda kurudi nyuma na kuishia ndani ya mstari wa madigadi, na mkono mfupi wa kukinga rejeta. Kila ncha ya bomba tuliifunga kwa kifuniko na kuilainisha. Upande wa mbele tulifunga kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Hatudanganyi kwamba mpira huo utamwokoa mtu aliyegongwa kwa mwendo wa kasi. La hasha, mwendo wa pole ndio humwokoa. Lakini haukwaruzi wala haukati.

Mabamba ya kuvutia yalibaki palepale. Bampa lilishikwa kwenye chesisi kwa bolti nne kila upande, zile zenye alama ya 8.8 kichwani. Chini ya bomba tulitoboa matundu madogo ili maji yasikae ndani na kuleta kutu. Mzani wa kahawa ulisema kilo 46. Springi zikainuka, na taa zikaona barabara tena.

Kabla ya kupaka rangi tulimwomba yule mama aje kulitazama. Alikuja na mwanawe, mkono bado umefungwa. Hakusema neno. Alivua kanga ya begani, akaipitisha juu ya chuma chote kutoka ncha moja hadi nyingine, polepole, kama mtu anayepangusa meza. Karibu na bolti ya kulia kanga ilinasa. Akasema, "Hapa." Tukasaga. Akapitisha tena, ikanasa mahali pengine, tukasaga tena. Mara ya nne kanga ilipita yote bila kushikwa. Kijana ndiye aliyepaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kwa mkono wake mzima.

Kipimo hicho ndicho sheria ya karakana yetu mpaka leo. Hakuna chuma kinachotoka, kiwe kitanda au lango, kabla kanga haijapita. Wasomaji wetu, hata kama hamna gari, mnavyo vitu nyumbani vilivyofanywa kwa ajili ya usalama: vipande vya chupa juu ya ukuta, miiba ya seng'enge, ncha za lango. Chukueni kanga mpitishe upande wa nje, ule ambao jirani huugusa.

Tuliwaendea pia wale wateja watatu, tukawaeleza yaliyotukuta na kuomba tuwakatie pembe bila malipo. Wawili walikubali, mmoja akatushukuru, na mwingine akadai fedha yake nusu, tukamlipa kidogo kidogo hadi mwaka uliofuata. Wa tatu alikataa. Alisema alilipia pembe na pembe zinampendeza. Wengine tangu hapo wametaka kama zake, tukakataa, wakaenda kwa mafundi wengine.

Masika ya mwaka 2018 tulimpeleka tena yule jirani yetu, mimba yake ya pili. Tulikwama pale pale penye daraja la magogo. Kamba ilifungwa kwenye bamba, wanaume wakavuta mara moja, tukatoka, na mtoto akazaliwa hospitali.

Gari la yule mteja wa tatu lingali linapita hapa. Tukilisikia linateremka kilimani tunaacha kazi, tunatoka nje kuwaita watoto watoke barabarani, wa kwetu na wa wenzetu, mpaka lipite.